Kupima mwendo wa gesi katika angahewa ya majitu mekundu kwa spektra ya infraredi

Kuna jambo moja la kulikubali kabla hujafungua faili lolote: jitu jekundu, yaani nyota kubwa iliyovimba na kupoa, halina uso. Jua letu lina ukingo mkali kwa sababu angahewa yake ni nyembamba mno ukiilinganisha na kipenyo chake. Nyota kama Mira imevimba kiasi kwamba katika urefu fulani wa wimbi unaona tabaka moja, na ukisogea kidogo tu kwenye spektra unaona tabaka jingine lililo mamilioni ya kilomita juu ya lile la kwanza. Gesi ya chini inaweza kuwa inapanda wakati ya juu yake inaanguka, huku ya nje kabisa ikiondoka isirudi tena. Kwa hiyo swali “gesi ya nyota hii ina kasi gani?” halina jibu. Swali lenye jibu ni “gesi ya tabaka gani, siku gani?” Hatua zote za mwongozo huu zinalitumikia swali hilo la pili. Kipimo chetu ni mstari wa spektra, yaani urefu wa wimbi ambao gesi imeufyonza na kuacha bonde kwenye mchoro wa mwanga: gesi ikitusogelea, mstari unahamia kwenye urefu mfupi, ikitukimbia, unahamia kwenye urefu mrefu.

Unachohitaji ni kompyuta ya kawaida, ujuzi wa wastani wa Python, na subira. Darubini yako mwenyewe si lazima, maana spektra nzuri za infraredi zimewekwa wazi kwa umma, na nyingi kati yake bado hazijasomwa mstari kwa mstari.

Hatua ya 1: Jua nyota yako ni ya namna gani

Majitu mekundu hayafanani tabia. Kuna majitu matulivu kama Simaki, ambayo kimataifa huitwa Arcturus: halijoto yake ni karibu kelvini 4,290, iko umbali wa miaka ya nuru 37 hivi, na gesi yake inachemka kama uji mzito bila nyota nzima kupwita kwa nguvu. Katika nyota kama hizi mwendo unaoutafuta ni mdogo, chini ya kilomita 1 kwa sekunde mara nyingi, na unajificha kwenye umbo la mstari kuliko kwenye mahali ulipo.

Upande wa pili kuna nyota za aina ya Mira. Hizi zinapwita: zinavimba na kunywea kwa vipindi vya karibu mwaka mmoja. Mira yenyewe ina kipindi cha siku 332 hivi, R Leonis siku 310, χ Cygni siku 408. Hapa gesi inarushwa na kuanguka kwa kasi za makumi ya kilomita kwa sekunde, na mistari ya spektra inahama mbele ya macho yako kutoka mwezi mmoja hadi mwingine. Katikati ya makundi haya mawili ziko nyota zinazopwita bila mpangilio kamili, na mwendo wake ni wa kilomita chache kwa sekunde.

Ushauri wangu: anza na Simaki hata kama moyo wako uko kwa Mira. Spektra ya Simaki imechorwa yote kuanzia mikromita 0.9 hadi 5.3 kwa darubini ya Mayall ya mita 4 iliyoko Kitt Peak, Arizona, na atlasi hiyo ilitoka mwaka 1995. Kasi ya nyota yenyewe inajulikana vizuri, karibu −5.2 km/s. Ukipitisha data ya Simaki kwenye hatua zako zote na ukapata namba iliyo mbali na hiyo, kosa liko kwako, na ni heri ulione hapo kuliko kulibeba hadi kwenye nyota ambayo hakuna anayejua jibu lake.

Hatua ya 2: Chagua mistari kabla ya kuchagua data

Hapa ndipo kazi nzima inaposimama au kuanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mashahidi wakuu ni molekuli za kaboni monoksaidi, CO. Kifungo kati ya kaboni na oksijeni katika molekuli hii ni kigumu kuliko vyote vinavyofahamika kwa molekuli za atomi mbili. Kukivunja kunahitaji nishati ya elektronivolti 11.1. Ndiyo maana CO inastahimili joto la tabaka za ndani ambako molekuli nyingine zimesambaratika, na bado ipo tele kwenye upepo baridi wa nje. Tena inapatikana katika majitu yenye oksijeni nyingi na yale yenye kaboni nyingi vilevile. Hakuna shahidi mwingine anayeshuhudia nyota yote kutoka ndani hadi nje namna hii.

CO inatoa mistari katika sehemu tatu za infraredi, kulingana na ngazi ngapi za mtetemo molekuli inazoruka kwa mpigo mmoja. Ikiruka ngazi tatu, mistari inaangukia karibu na mikromita 1.6. Hiyo ni mistari dhaifu. Ikiruka mbili, inaangukia mikromita 2.3 na kuendelea. Kichwa cha bendi ya kwanza, yaani ukingo ambapo mistari ya kundi hilo inarundikana, kiko 2.2935. Ikiruka moja, inaangukia karibu na 4.6, na hiyo ni mistari yenye nguvu kupita kiasi.

Sasa shika kanuni hii: mstari dhaifu unaonyesha ndani, mstari wenye nguvu unaonyesha nje. Sababu yake ni rahisi. Katika urefu wa wimbi ambao gesi inafyonza sana, mwanga wa ndani haupiti. Mwanga unaokufikia ni ule uliotoka juu. Pale ambapo gesi inafyonza kidogo, macho yanazama zaidi. Karibu na mikromita 1.6 tunapata bahati ya ziada: ioni hasi ya haidrojeni, ambayo ndiyo pazia kuu la nyota baridi, ina ukungu wake mwepesi kabisa hapo, kwa hiyo mistari ya ngazi tatu inatoka kwenye kina ambacho mwanga wa kawaida hautuonyeshi.

Kuna kipimo cha pili cha kina, nacho ni nishati ambayo molekuli ilikuwa nayo kabla ya kufyonza. Molekuli inayozunguka taratibu ina nishati ndogo na inaweza kukaa kwenye gesi baridi ya nje. Molekuli inayozunguka kwa kasi kubwa inahitaji joto ili iwe hivyo. Chukua bendi ya ngazi mbili: mstari wa mzunguko namba 20 unaanzia kwenye nishati ya karibu elektronivolti 0.1, wa namba 50 karibu 0.6, na wa namba 80 karibu 1.5. Ni bendi ileile moja, lakini mstari wa 20 na wa 80 vimetoka sehemu tofauti kabisa za nyota. Na angalia mtego: mistari hii hukaribiana na kujikunja kwenye kichwa cha bendi karibu na namba 50, kisha inarudi nyuma ikipita katikati ya ndugu zake. Mstari wa ndani na mstari wa nje vinaweza kukaa jirani kabisa kwenye karatasi, na asiyeangalia nishati atavipima kama kitu kimoja.

Tengeneza jedwali kabla ya kupakua spektra yoyote. Orodha za mistari ya CO ya joto kubwa zinapatikana kwenye hazina ya HITEMP na ya ExoMol. Chagua mistari 10 hadi 20 kwa kila kundi: ngazi tatu za 1.6, ngazi mbili zenye nishati juu ya elektronivolti 1, ngazi mbili zenye nishati chini ya 0.4, na kama data yako inafika huko, ngazi moja za 4.6. Tupa kila mstari uliobebana na jirani. Kwenye nyota za Mira hasa, mvuke wa maji una mistari elfu nyingi na unajipenyeza kila mahali, zaidi nyota ikiwa karibu na mwanga wake hafifu. Afadhali mistari sita safi kuliko arobaini yenye shaka.

Hatua ya 3: Pata spektra inayoweza kutenganisha

Kipimo cha uwezo wa kutenganisha ni R, yaani urefu wa wimbi ukigawanywa kwa tofauti ndogo kabisa inayoonekana. Geuza R kuwa kasi kwa kugawanya kasi ya mwanga, 299,792 km/s, kwa R yenyewe. Spektrografu za mradi wa APOGEE zina R ya 22,500, sawa na 13 km/s. IGRINS ina R ya 45,000, sawa na 6.7 km/s, na inachukua maeneo yote mawili, la 1.6 na la 2.3, kutoka mikromita 1.45 hadi 2.5, kwa mara moja. CRIRES+ iliyoko Paranal, Chile, inafika R ya 100,000, sawa na 3 km/s, na inakwenda hadi mikromita 5.3.

Je, hiyo 3 km/s inatosha kupima mwendo wa 0.5 km/s? Inatosha, kama mstari ni mmoja na data ni safi, kwa sababu kitovu cha bonde kinaweza kupatikana kwa usahihi mkubwa kuliko upana wake. Lakini kutenganisha mabonde mawili yaliyokaribiana ni jambo jingine, na hapo R haina mbadala. Kwa nyota za Mira mimi napenda IGRINS kuliko zote kwa sababu moja: mistari ya 1.6 na ya 2.3 inapatikana usiku uleule, dakika zilezile. Ukichukua kundi moja leo na jingine wiki tatu baadaye, umechanganya tabaka na wakati, na hakuna hesabu itakayovitenganisha tena.

Kumbukumbu za vifaa hivi zinafunguliwa kwa umma baada ya muda wa watafiti wenyewe kwisha. Tafuta kwa jina la nyota, na chukua pia nyota ya kulinganishia iliyopigwa usiku uleule, ya aina A0 kama Vega. Hizo zina mistari michache sana ya kwao, zaidi ya ile mipana ya haidrojeni.

Hatua ya 4: Ondoa mistari ya Dunia, ila usiitupe

Mwanga wa nyota umepita kwenye angahewa yetu, na angahewa yetu ina mistari yake. Karibu na mikromita 2.3 adui mkubwa ni methani. Karibu na 2.0 ni dioksidi ya kaboni. Mvuke wa maji uko kila mahali na unabadilika saa hadi saa. Kwenye 4.6 hali ni ngumu zaidi, maana hewa yetu ina CO yake yenyewe, na inafyonza mistari ileile unayoitafuta kwenye nyota.

Njia ya kawaida ni kugawanya spektra ya nyota yako kwa ile ya nyota ya A0 iliyokuwa kwenye kimo kinachokaribiana angani. Njia ya pili ni kujenga modeli ya angahewa ya Dunia kwa programu kama Molecfit, ambayo inatumia orodha ya mistari ya gesi iitwayo HITRAN na hali ya hewa ya usiku ule. Mimi hutumia zote mbili na kulinganisha. Pale zinapotofautiana, naweka alama nyekundu na sipimi mstari wowote hapo. Na pale mstari wa Dunia umefyonza zaidi ya nusu ya mwanga, hakuna programu itakayokurudishia kilichopotea, uache.

Kwa CO ya 4.6, dawa ni kalenda. Dunia inalizunguka Jua kwa karibu kilomita 30 kwa sekunde, kwa hiyo nyota iliyo karibu na njia ya Jua angani itatusogelea kwa kasi hiyo msimu mmoja na kutukimbia kwa kasi hiyo nusu mwaka baadaye. Mstari wa nyota unasogea, wa Dunia unabaki palepale. Chagua tarehe ambayo viwili hivyo vimeachana. Atlasi ya Simaki ilitengenezwa kwa maarifa haya haya: nyota ilipigwa katika misimu miwili ili kilichofichwa mara moja kionekane mara ya pili.

Kabla ya kuondoa mistari ya Dunia, ihifadhi nakala yake kwenye faili la pembeni. Ina kazi mbili muhimu. Kwanza, ni rula: mahali pake panajulikana na hapayumbi kwa zaidi ya sehemu ndogo ya kilomita kwa sekunde. Pili, ni kioo cha ukaguzi. Ukiona mstari wa nyota umelala upande au umegawanyika, tazama mistari ya Dunia kwenye fremu ileile. Kama nayo imelala upande huohuo, ulichokiona ni kasoro ya kifaa. Kama imesimama wima na kusawazika, umeona nyota.

Hatua ya 5: Weka sifuri mahali pake

Hatua hii ni kavu, lakini ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Kuna masahihisho matatu.

La kwanza ni hewa na ombwe. Urefu wa wimbi uliopimwa hewani ni mfupi kuliko ule wa kwenye ombwe kwa sehemu 27 hivi katika 100,000. Inasikika kama kitu kidogo, lakini kwa kasi ni kama kilomita 82 kwa sekunde. Niliwahi kupoteza siku tatu nikidhani nimekutana na nyota inayokimbia Galaksi, kumbe orodha ya mistari ilikuwa ya hewa na spektra ilikuwa ya ombwe. Soma kichwa cha kila faili, na kila orodha. Ukipewa namba za wimbi, yaani idadi ya mawimbi katika sentimita moja, badala ya urefu, hizo ni za ombwe. Gawanya 10,000 kwa namba ya wimbi upate mikromita, na kumbuka kwamba mwelekeo wa mhamo unageuka.

La pili ni mwendo wa Dunia yenyewe: kulizunguka Jua, na pia kujizungusha, ambako kunafika 0.46 km/s kwenye ikweta. Maktaba ya Astropy ina kazi iitwayo radial_velocity_correction inayofanya yote haya ukiipa mahali pa darubini, mahali pa nyota, na katikati ya muda wa kupiga. Jibu lake linajumlishwa kwenye kasi uliyopima. Kukosea alama hapa ni rahisi, kwa hiyo pima nyota ileile katika tarehe mbili zilizoachana miezi kadhaa. Simaki isipotulia karibu na thamani moja, umetoa badala ya kujumlisha.

La tatu ni kasi ya nyota nzima, yaani ya kitovu chake. Kwa nyota inayopwita huwezi kuipata kwa kukisia wastani wa mistari ya infraredi, kwa sababu mistari hiyo haishughulikii kupanda na kuanguka kwa usawa. Chukua kasi iliyopimwa kwa mawimbi ya redio: mistari ya CO ya upepo wa nje kwenye gigahezi 115.27 na 230.54 ina umbo linalolingana pande zote mbili, na katikati yake ni kasi ya nyota. Ni hapo tu ndipo unapoweza kusema gesi “inapanda” au “inaanguka”. Kabla ya hapo unajua tu kwamba inatusogelea au inatukimbia.

Hatua ya 6: Pima mstari kwa mstari

Vishawishi vya kuchukua spektra nzima na kuilinganisha na modeli moja ili upate kasi moja ni vikubwa. Kwa kutafuta sayari, hiyo ni njia nzuri. Kwa kazi hii inaua kile unachokitafuta, maana inachanganya ndani na nje kisha inakupa wastani usio wa tabaka lolote. Kama data yako ina kelele na lazima uunganishe mistari, unganisha ndani ya kundi moja la jedwali la hatua ya 2, usivuke.

Tuchukue mfano wa namba za mazoezi. Mstari wa CO una urefu wa maabara wa nanomita 1,600.000. Kwenye spektra ya nyota ya Mira iliyopigwa karibu na kilele cha mwanga hakuna bonde moja hapo, kuna mawili: moja kitako chake kiko 1,599.935, jingine 1,600.045. Mhamo wa kwanza ni −0.065. Gawanya kwa 1,600, zidisha kwa kasi ya mwanga: −12.2 km/s. Wa pili, +0.045, unatoa +8.4 km/s. Tuseme sahihisho la Dunia siku hiyo ni +6.0, sasa tunazo −6.2 na +14.4. Tuseme kasi ya nyota yenyewe ni +2.0. Toa. Zinabaki −8.2 na +12.4.

Soma sasa kwa lugha ya gesi. Hasi ni gesi inayotujia, yaani inayopanda kutoka kwenye nyota. Chanya ni gesi inayoanguka ndani. Kwenye tabaka moja, siku moja, kuna gesi inayopanda na gesi inayoanguka, na kati yake hakuna kitu. Umeliona wimbi la mshtuko. Limefika katikati ya tabaka: gesi lililokwisha kuipita imesukumwa juu, na ile ambayo bado halijaifikia inaendelea kuanguka kutoka mpwito uliopita. Mara ya kwanza nilipouona mgawanyiko huu kwenye data niliyoipitisha mwenyewe, nilikaa nikautazama muda mrefu bila kugusa kibodi.

Usiamini bonde moja lililogawanyika. Mistari yote ya kundi hilo lazima igawanyike kwa kiasi kilekile cha kasi. Hapa tofauti ni 20.6 km/s, ambayo kwenye nanomita 1,600 ni 0.110, na kwenye nanomita 2,300 ni 0.158. Mstari wa ngazi mbili wenye nishati kubwa ukionyesha 0.158, umethibitisha. Ukionyesha 0.110 ileile, au usigawanyike kabisa, rudi kwenye mistari ya Dunia na majirani wa maji.

Kuna kizidisho kimoja zaidi. Nyota ni mpira, na sisi tunapokea mwanga wa uso wote kwa pamoja. Gesi ya katikati inatujia moja kwa moja, ya pembeni inakwenda kando na kasi yake kwetu ni ndogo. Kwa hiyo tunachopima ni pungufu ya kasi halisi, na wanaotengeneza modeli huzidisha kwa namba iliyo kati ya 1.3 na 1.5. Kwa 1.4, mruko wetu wa 20.6 unakuwa karibu 29 km/s. Andika namba zote mbili, ile uliyoipima na ile uliyoizidisha, na usizichanganye kwenye jedwali moja.

Hatua ya 7: Panga kwa awamu, tabaka kwa tabaka

Usiku mmoja unakupa picha mnato. Ukitaka mwendo, tafuta spektra za nyota hiyohiyo zilizotawanyika katika mpwito mzima, na kwa kila moja hesabu awamu: siku zilizopita tangu kilele cha mwanga, gawanya kwa kipindi, shika sehemu ya desimali. Kilele kitafute kwenye rekodi za AAVSO, chama cha Marekani cha waangalizi wa nyota zinazobadilika mwanga, na kiwe kilele cha karibu, kwa kuwa nyota hizi huwahi na huchelewa. Kwa χ Cygni, spektra moja kila siku 20 inakupa hatua za 0.05 za awamu, na hiyo inatosha sana. Karibu na kilele ongeza, maana huko ndiko mistari inakogawanyika.

Chora kasi dhidi ya awamu kwa kundi la ngazi tatu. Kwa nyota ya Mira utapata umbo maarufu la herufi S lililokatika. Muda mfupi kabla ya kilele cha mwanga, bonde jipya linazaliwa upande hasi, jembamba na hafifu. Linaongezeka nguvu huku lile la zamani upande wa chanya likififia na kutoweka. Kisha bonde jipya linatambaa taratibu, linapita sifuri karibu na awamu 0.4, linaingia chanya, na linapofika ukingoni linalofuata linazaliwa. Umbo hili lilionyeshwa wazi kwa χ Cygni katika utafiti uliochapishwa mwaka 1982, uliotumia vipimo vya miaka kadhaa kutoka Kitt Peak.

Mteremko wa mstari huo una maana. Ni upungufu wa kasi ya gesi iliyorushwa juu, kama jiwe linalotupwa. Nyota yenye uzito sawa na wa Jua, ambayo nusukipenyo chake ni mara 300 ya kile cha Jua, ina uvutano wa karibu milimita 3 kwa sekunde kwa kila sekunde, wakati wa Dunia ni mita 9.8. Ni mvuto dhaifu mno, lakini una muda: kwa siku 100 unabadilisha kasi kwa kilomita 26 kwa sekunde. Pima mteremko wako, uzidishe kwa 1.4, ulinganishe. Ukiwa mdogo kuliko uvutano, shinikizo la gesi na mawimbi vinasaidia kuibeba. Na gesi inayokwenda wastani wa 10 km/s kwa siku hizo 100 inasafiri kilomita milioni 86, zaidi ya nusu ya umbali kutoka hapa hadi kwenye Jua.

Sasa chora kundi la pili kwenye karatasi ileile, kisha la tatu. Mistari ya ngazi mbili yenye nishati kubwa itafuata S ileile. Ile ya nishati ndogo haitafuata. Mara nyingi inabaki karibu na kasi ya nyota, kana kwamba haikusikia mshtuko uliopita chini yake. Huko ndiko kuna tabaka la gesi ya molekuli iliyopoa, ambayo imesimama kati ya nyota na upepo wake. Mistari ya 4.6 nayo itaonyesha ufyonzaji upande hasi kwa kilomita kadhaa kwa sekunde, siku zote: huo ni upepo unaoondoka. Tofauti kati ya michoro hii ndiyo matokeo ya kazi yako. Wastani wake haufai kitu.

Kwa majitu matulivu

Simaki na wenzake hawatakupa S. Hapa unatafuta ulalo wa mstari. Katika kila kina cha bonde, kutoka ukingoni hadi kitakoni, tafuta nukta ya kushoto na ya kulia zenye mwanga sawa, weka alama katikati yake, unganisha alama hizo. Mstari ulio sawa ungetoa wima. Nyota yenye gesi inayochemka inatoa mkunjo, kwa sababu gesi moto inayopanda inang’aa kuliko ile iliyopoa inayozama, na hivyo michango yake haiko sawa kwenye jumla ya mwanga. Unahitaji R ya 100,000 na kelele iwe sehemu moja katika mia kadhaa ya ishara. Upana wenyewe pia ni ushahidi: kwa kelvini 3,000, joto pekee linaipa CO mtawanyiko wa 1.3 km/s tu, na mistari huonekana mipana zaidi ya hapo. Ziada hiyo ni msukosuko, na inafaa upime kama inakua au inapungua kutoka mistari dhaifu hadi yenye nguvu.

Usidhani mapovu ya gesi ni mengi kiasi cha kujifuta yenyewe. Mwaka 1975 mwanaastronomia Martin Schwarzschild alipendekeza kwamba majitu yana mapovu machache makubwa mno, na picha za jitu jekundu π¹ Gruis zilizochapishwa mwaka 2018 zilionyesha mapovu yenye upana wa karibu kilomita milioni 120. Povu moja likipanda upande unaotuelekea linaweza kuhamisha mstari mzima kwa muda wa miezi, na ukadhani umegundua mpwito. Kwa Kalbu Akarabu, yaani Antares, ambayo ni jitu kuu, darubini zilizounganishwa huko Paranal zilichora ramani ya kasi kwenye mistari ya CO ya 2.3 mwaka 2017: sehemu moja ya angahewa inapanda, jirani yake inaanguka, hadi kilomita 20 hivi kwa sekunde kila upande. Ikiwa mistari yako ni mipana bila kugawanyika, fikiria ramani kama hiyo imekunjwa yote kwenye bonde moja.

Jedwali la mwisho

Kwa kila mstari andika: urefu wa maabara kwenye ombwe na orodha ulikotoka, nishati ya kuanzia, tarehe na awamu, kasi kabla ya sahihisho la Dunia, sahihisho lenyewe, kasi baada yake, kasi ya nyota uliyotumia, kina na upana wa bonde, na kama kuna mabonde mawili, namba za yote mawili. Ongeza safu moja ambayo wengi huiacha: kasi uliyoipata ulipopima mistari ya Dunia iliyo jirani, kwa njia ileile, kwenye fremu ileile. Inapaswa kuwa sifuri. Ikiwa ni 0.3, basi ndivyo sifuri yako ilivyoyumba usiku ule, na kila aliye na jedwali lako ataweza kulisahihisha bila kukuuliza.